Boya la Tatu na Nyuki wa Tabora

Siku mliyoniaga, vijana wangu wa karakana, mtani wangu Pazi alipanda treni kutoka Pwani mpaka Tabora, akaingia ukumbini kabla yangu, akakaa kwenye kiti kilichopambwa maua kwa ajili yangu na kukataa kuondoka. Mimi Nyamizi, mstaafu mwenye gauni jipya, nikabaki nimesimama mlangoni na pochi yangu. Pazi ni Mzaramo, mimi Mnyamwezi, na makabila yetu yanataniana tangu enzi za misafara, babu zangu walipokuwa wakifika kwao na meno ya tembo mabegani. Akauuliza ukumbi mzima: Mnyamwezi akizoeshwa kiti chenye maua, mizigo ya nchi hii ataibeba nani? Kisha akala kipande cha kwanza cha keki, kile chenye jina langu. Mchungaji, ambaye ni mgeni hapa mjini, alikuwa ameanza kuinuka aje kusuluhisha ugomvi. Waliojua utani walikuwa wameshavunjika mbavu.

Katika vurugu hizo ndipo mmoja wenu, simtaji, aliponiomba niwaandikie kumbukumbu za kazi. Nimekubali. Vyeo nitaviruka, maana vilikuwa vichache na kila kimoja kilikuja na kazi zaidi. Mshahara nitauruka pia, mnaujua. Nitakaa zaidi kwenye boya la tatu, kwa sababu hadithi yake mmeisikia midomoni mwa watu, na kila inaposimuliwa nyuki wanazidi kuongezeka.

Mtu akisikia kwamba nimefanya kazi ya umeme wa mawimbi ya bahari, huuliza: mawimbi gani, Tabora? Swali la haki. Maji makubwa tuliyo nayo karibu ni bwawa la Igombe, na hilo halina wimbi la kuwasha hata tochi. Bahari yenyewe niliiona kwa mara ya kwanza nikiwa mama wa watoto wanne, na siku hiyohiyo niliwakimbizia watu wazima humo ndani na nguo zao. Lakini nianze mwanzo.

Niliingia karakana nikitokea Ntalikwa kwa baiskeli ya kaka yangu, na cheti cha ufundi nimekifunga kwenye plastiki kisipate vumbi. Mzee Maganga, mwenye karakana, hakukitazama. Alikuwa mfupi, mwenye mikono mikubwa isiyolingana naye, na alisuka mota za kila namna: za mashine za kukoboa mpunga, za pampu za visima, za feni za kukaushia tumbaku. Alinipa mota iliyoungua ikawa nyeusi tii.

"Fumua," akasema.

"Halafu?"

"Hesabu."

Nilifumua waya mzingo kwa mzingo, nikihesabu kwa sauti ya chini, na jioni nikampelekea jibu. Akasema nimekosea kwa mmoja. Kesho yake akanipa nyingine. Wiki tatu nilifumua tu, mpaka mama akaanza kuwaambia majirani kwamba mwanawe kaajiriwa kuharibu. Nilipokuja kugundua kwamba mzee hakuwa akijua idadi yenyewe, na kwamba alisema nimekosea ili aone kama nitabisha, nilikuwa nimeshajifunza kubisha. Nadhani ndicho alichotaka.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache. Kisu cha mwanzi cha kusukumia waya kwenye mifereji, maana kisu cha chuma huchubua. Nyundo ya mpira, uzi wa pamba, kopo la vanishi, kipimo cha kuzungusha kwa mkono. Na donge la nta ya nyuki kutoka Usinge, ambalo kila waya ulipitishwa juu yake kabla ya kusukwa ili uteleze. Karakana za watu hunuka mafuta machafu. Yetu ilinukia asali, na wateja walikuwa wakiondoka na njaa.

Sasa sikieni kanuni ya chaki, maana hadithi yote imening'inia hapo. Kwa Mzee Maganga, aliyesuka hakagui. Ukimaliza kazi unachora mstari mmoja wa chaki juu ya chuma. Mwenzako anakuja, anapima kila kitu kana kwamba wewe ni adui yake, na akiridhika anaukata mstari wako kwa mstari wake, unakuwa alama ya kujumlisha. Kazi yenye mstari mmoja haitoki mlangoni. Na kanuni hiyo haikuwa na mkubwa: nilipotimiza mwaka, mzee alianza kuchora mstari kwenye kazi zake na kuniita nikague. Mara ya kwanza nilipima kila kitu mara mbili. Mara ya pili nilimkuta ameacha kiungo bila kukifunga, nikamwambia, akafurahi siku nzima.

Miaka ikaenda hivyo, nikiwa msusi wa mota, mpaka asubuhi moja ya kiangazi alipoingia binti mwembamba aliyejaa vumbi. Nyuma yake wanaume wanne walikuwa wamebeba kitu cha chuma kilichosimama wima kama kinu. Huyo ndiye Injinia Neema.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba," mzee akaitika. "Hicho kinu kinatwanga nini?"

"Ni mtambo wa umeme wa mawimbi, mzee. Hakitwangi. Bahari ndiyo inayotwanga."

Mzee Maganga akaweka chini kisu cha mwanzi, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mteja yeyote. Neema akaeleza. Ndani ya kinu kile mna koili ya waya uliosukwa, na katikati ya koili mna sumaku iliyofungwa kwenye fimbo. Vyote hukaa ndani ya boya kubwa la chuma linaloelea. Wimbi likiinuka, boya linainuka na sumaku inapita ndani ya koili. Wimbi likishuka, inapita tena. Hapo ndipo umeme unapozaliwa, bila mafuta na bila moshi. Alitaka kuwasha zahanati ya kijiji kimoja cha Pwani ambako nguzo za umeme hazijafika, na ambako muuguzi alikuwa akizalisha huku ameng'ata tochi ya simu kwa meno ili mikono yake iwe huru. Koili ya kwanza iliungua kwenye majaribio. Mashine za mjini hazikuweza kuisuka upya kwa umbo lake, na mtu akamwambia kuna mzee Tabora anayesuka chochote kwa mkono.

Tuliisuka kwa siku nane. Tabu ikawa kuipima, maana Tabora hakuna wimbi. Mimi ndiye niliyesema tuifunge kwenye mchi. Nikawaita majirani watatu, wanawake waliozoea kutwanga kisamvu kwa kupokezana bila michi yao kugongana, tukaifunga ile fimbo ya sumaku kwenye mchi mrefu, tukaunganisha balbu. Walipoanza, balbu ikawaka. Ikafifia, ikawaka, ikafifia. Mmoja wao akasimama, mikono kiunoni.

"Kumbe miaka yote hii nimekuwa nikitwanga bure," akasema.

Wakaongeza kasi, wakaanzisha na wimbo, balbu ikawa inamulika mpaka barabarani. Neema ikabidi awapungie mikono. "Polepole, mama zangu. Mawimbi hayana njaa."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Na nawaambieni ukweli, ndani yangu kulikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata kwenye mota ya kukoboa mpunga. Mchi unapanda na kushuka, mwanga unatoka. Nilikwenda nyumbani nikitembea kama mtu aliyekunywa.

Boya la kwanza lilikaa baharini wiki moja likajaa maji. La pili lilikaa siku kumi na moja. Gundi za dukani zilipasuka kwa jua na chumvi, maji yakapita kwenye maungio. Neema alilirudisha lile la pili kwa lori, na tulipofungua kifuniko akatoka kaa mdogo, akatutazama, akaondoka zake kuelekea kituo cha reli. Tulicheka, lakini Neema hakucheka. Waliofadhili majaribio walikuwa wamempa boya moja zaidi na siku moja ya ukaguzi. Wakaguzi wakikuta maji ndani, mradi unafungwa, na yule muuguzi anarudi kung'ata tochi.

"Nta," akasema Mzee Maganga.

Wazo lake lilikuwa jepesi. Mirija na maungio yote yazibwe kwa nta, na ukuta wote wa ndani upakwe nta, tabaka jembamba, kila mahali. Koili yenyewe ikae kwenye kopo lake lililozibwa. Nta haipasuki kwa chumvi na haiyeyuki kirahisi ndani ya maji.

Wakati huo macho ya mzee yalikuwa yamekwisha. Alihesabu mizingo kwa vidole na hakukosea hata mmoja, lakini uso wa mtu hakuuona tena mpaka amsogelee. Boya la tatu lilikuwa kazi yake ya mwisho kabla ya kuhamia Goweko kwa binti yake. Alisuka koili peke yake. Alipaka nta peke yake, akipapasa kila mshono wa chuma kwa ncha za vidole. Tukafunga kifuniko kwa nati, akachukua chaki, akachora mstari wake. Ulikuwa mnene, umepitishwa mara mbili tatu juu ya palepale, kama wa mtoto wa chekechea. Nikadhani ni macho.

Zamu ya kukagua ilikuwa yangu. Nilipaswa kufungua kifuniko, niweke taa ndani, nizunguke nje nikitafuta mwanga unaopenya. Kisha tulizamishe kwenye josho la ng'ombe lisilotumika kule Ntalikwa, kama tulivyofanya kwa yale mawili. Nikamtazama mzee. Alikuwa kwenye kigoda anafuta nta vidoleni, ametulia, amefurahi. Nitawashaje taa mbele ya mtu huyu nitafute kosa lake la mwisho? Nikachukua chaki, nikaukata mstari wake.

"Umekagua?" akauliza.

"Nimekagua, mzee."

"Upesi hivyo, mayu?" akauliza, akiniita mama kwa lugha yetu.

"Kazi yako inajulikana."

Akaendelea kufuta nta vidoleni. Kesho yake binti yake akaja kumchukua.

Behewa la kulipeleka boya lilichelewa. Siku tisa boya lilikaa uani, limelazwa juu ya magogo mawili chini ya kivuli, tundu la waya limeachwa wazi ili harufu ya vanishi itoke. Siku tisa nilikuwa na muda wa kuwasha ile taa na sikuiwasha. Kila nikilipita nilijiambia alama ya kujumlisha ipo. Jioni ya siku ya tisa nikaziba tundu kwa tambara, haraka haraka, mashine ya kukoboa ya jirani ikinguruma, na asubuhi tukapakia.

Sasa niwaulize ninyi ambao wengi wenu mmezaliwa kwenye nyumba zenye mizinga. Chukua mviringo mrefu wenye uwazi ndani. Upake nta ndani kote. Ulaze juu kidogo ya ardhi, kivulini, miyombo ikiwa inachanua. Uachie tundu moja dogo. Umetengeneza nini? Baba yangu alikuwa na mizinga thelathini. Fundi aliyechomelea chuma cha boya letu alitoka Usinge, kwao ni asali tupu. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona. Mtu wa Pwani asingeweza kufanya kosa lile hata kwa kukusudia, maana asingejua jinsi ya kuwapendeza nyuki namna ile.

Nikasafiri na boya langu. Reli ile imelala karibu na njia ya misafara ya zamani, na nilikaa dirishani nikijisikia mpagazi wa kisasa, mzigo wangu unanifuata kwenye behewa la nyuma na mimi nakula karanga. Kituo cha mwisho tukalipakia kwenye lori, saa kadhaa za barabara ya mchanga, tukafika kijijini. Nikashuka, na hapo nikaiona bahari. Nilikuwa nimeipigia hesabu miezi mingi, urefu wa wimbi, sekunde za kupanda na kushuka, na hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba haina upande wa pili.

Mtu mrefu mwenye miguu myembamba akanipokonya begi. Huyo ndiye Pazi, mzamiaji, mkuu wa nanga na minyororo.

"Mnyamwezi, siku hizi mnapanda magari? Zamani mlifika hapa kwa miguu na pembe za ndovu. Leo umetuletea nini?"

"Boya. Nirudishie begi."

"Begi nimelichukua, hilo halina mjadala. Boya lako linavuma."

"Ni lori hilo."

"Mtani, lori limezimwa."

Nikasikiliza. Kweli lilikuwa linavuma, sauti nene na ya chini, sawasawa na koili inayofanya kazi vizuri. Neema akaja mbio, akaweka sikio kwenye chuma, macho yakamtoka kwa furaha. "Mama, linazalisha umeme kabla ya kuingia majini?"

Nilipaswa kuijua sauti ile. Nimelala nayo utoto wangu wote. Badala yake nikajipa kiburi cha fundi, nikapanda juu ya boya mbele ya watu wote, akiwemo mkaguzi mmoja aliyewahi siku moja kabla ya wenzake, bwana mpole mwenye kofia ya ukindu, nikachomoa lile tambara.

Walitoka kama moshi. Nilisikia mtu akisema "mama yangu" mara moja tu, halafu ufuo ukawa mtupu. Kila mtu alikuwa baharini. Neema alikuwa kwenye maji ya kifuani, kompyuta yake ameinua juu kwa mikono miwili. Mkaguzi alikuwa kwenye maji ya shingoni, kofia bado kichwani. Pazi alizama, na kwa kuwa ni mzamiaji hakuibuka kwa muda mrefu sana, nikaanza kumwombea. Mimi nilibaki nimesimama juu ya boya bila kutikisika, kwa sababu baba alinifundisha kwamba nyuki humfuata anayekimbia, na pia kwa sababu sikujua kuogelea. Wakati huo ndipo kichwa changu kilipounganisha mambo: nta, uwazi, kivuli, tundu. Nikaanza kucheka. Nilicheka peke yangu juu ya boya, nyuki wakinizunguka, na watu wakinitazama kutoka majini kama mwendawazimu. Niliumwa mara sita na bado sikuweza kuacha.

Walipotulia kidogo, mtu akaja na kopo la dawa ya kupulizia wadudu. Nikalizuia. Dawa zile zina mafuta, na mafuta yangelainisha nta yote. Moto mkali nao ungeiyeyusha. Majaribio yalikuwa kesho yake asubuhi, maji yakijaa. Palikuwa na njia moja tu: moshi wa baridi, mikono mitupu, na kumpata malkia.

"Nipe makumbi ya nazi," nikasema, "na sanduku la mbao."

Pazi alikuwa ameibuka, anachuruzika maji. Alisimama mbali, akanyoosha kidole. "Nyuki hawa wameingia Uzaramo bila hodi. Mimi kama mtani nawachukua. Ni wangu."

Alisema ili watu wacheke, na walicheka. Lakini ninyi mnajua kwamba mtani akishatamka kwamba kitu ni chake, harudi nyuma mbele ya watu.

"Ni wako," nikasema. "Njoo ushike sanduku."

Alilitazama sanduku, akawatazama watu. Akaja. Lilikuwa sanduku la kubebea samaki, kuukuu, nikalipaka nta ya akiba ndani. Tukafungua kifuniko, nikapuliza moshi wa makumbi taratibu. Masega yalikuwa meupe, mapya, yameshuka kutoka ukutani kama mapazia. Nikayakata moja moja kwa kisu changu cha mwanzi na kuyapanga sandukuni, nikitafuta. Pazi alishika sanduku kwa mikono yote miwili, amefumba macho, midomo inasoma dua.

"Mtani. Mmoja anatembea puani mwangu."

"Mwache atembee."

"Anakwenda wapi?"

"Hajaniambia."

Kwenye sega la tano nilimwona malkia, mrefu, wa rangi ya mkaa uliofifia. Nilimweka sandukuni, na baada ya muda kundi zima likaanza kumfuata, likiingia kwa safu. Pazi alifumbua jicho moja. Kuanzia hapo hakulifumba tena. Aliwatazama nyuki wake wakiingia, na uso wake ukawa wa mtu aliyepata mtoto uzeeni.

Nikaingiza kichwa ndani ya boya kusafisha mabaki. Hapo chini, kando ya mguu wa tatu wa kushikia mnyororo, niliona mstari wa kahawia mwembamba juu ya mshono. Ilikuwa ile gundi ngumu ambayo nyuki hukusanya mitini na kuzibia nyufa za nyumba yao. Hawaipaki bila sababu. Nikaikwangua kwa ncha ya kisu, na jua likapenya, mwanga mwembamba kama sindano, ukaniangukia mkononi.

Kicheko kiliniisha pale pale. Nilikaa mchangani. Mshono ule ulikuwa na tundu ambalo vidole vya mzee vililipita, na ambalo taa yangu ingelionyesha kwa dakika moja. Boya lingejaa maji kabla ya mkaguzi kuvua viatu. Mradi wa Neema, mwanga wa yule muuguzi, kazi ya mwisho ya Mzee Maganga, vyote vingezama, na alama yangu ya chaki ikiwa juu yake. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena.

Nikamwambia Neema ukweli wote, na mkaguzi alikuwa anasikia. Neema aliinama, akaitazama ile sindano ya jua.

"Mama, tuna mpaka kesho saa nne," akasema. "Niambie tuanzie wapi."

Tuliweka taa ndani, tukafunika boya kwa turubai, tukalizunguka chini yake tukitambaa. Tundu lilikuwa hilo moja tu. Tukaliziba kwa gundi ya chuma nje na nta ndani. Nikafuta alama ya zamani, nikachora mstari wangu, nikampa Pazi chaki. Alikagua kwa saa nzima. Alinusa, alipapasa, alilizamisha kwenye maji ya kina kifupi na kulala juu yake, alinitukana ukoo mzima kila alipofika kwenye nati. Ndipo akaukata mstari.

Kesho yake boya lilivutwa mpaka nje ya mwamba, likafungwa, waya ukaletwa ufukweni. Wakaguzi walikuwa watatu, mmoja wao akiwa na sikio lililovimba kama andazi. Wimbi likaja. Balbu tuliyoitundika juu ya mti ikawaka, ikafifia, ikawaka, kwa mwendo uleule wa majirani zangu watatu na mchi wao, na nikasikia wimbo wao kichwani. Halafu betri zikashika, na muuguzi akabonyeza swichi ya chumba cha kuzalishia. Taa iliwaka na kubaki imewaka. Akaizima, akaiwasha. Akaizima, akaiwasha. Alifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika kwa majaribio, na hakuna aliyemzuia. Akina mama walipiga vigelegele, mimi nikacheza na watu nisiowajua, Pazi akacheza na sanduku lake la nyuki. Mkaguzi wa sikio aliandika kwenye ripoti kwamba mtambo hauingizi maji na una ulinzi wa kutosha.

Nikampigia Mzee Maganga Goweko. Nilikuwa bado nahema.

"Imewaka, mzee. Koili yako imewaka."

Alicheka kwa furaha mpaka akakohoa. Nikasikia akimwambia binti yake imewaka. Kisha akarudi kwenye simu, sauti imeshuka.

"Na pale chini, kwenye mguu wa tatu?"

Nikamweleza: tundu, nyuki, na mstari nilioukata bila kutazama, kwa sababu nilimstahi.

"Nilijua vidole vimekosa kitu pale," akasema. "Ndiyo maana nilichora mstari mnene. Nilitaka uuone vizuri, ukague vizuri. Wewe ukanionea huruma."

"Nisamehe, mzee."

"Nyuki hawakunionea huruma," akasema, akaanza kucheka tena. "Hao ndio mafundi."

Mwaka uliofuata nilimpelekea chupa ya asali, kutoka kwenye mizinga ya Pazi iliyokuwa imeshafika minne. Alilamba kidole, akafikiri sana, akasema ina chumvi. Haikuwa na chumvi hata chembe, lakini Pazi alipoambiwa alinuna wiki mbili. Mzee alitutoka baadaye kidogo, na tangu hapo tumesuka koili za maboya mengi, ninyi mkizifahamu vizuri kuliko mimi. Uani, tangu siku ile, tunaziba matundu yote.

Nawaachieni kazi moja mezani. Ni koili ya boya jipya, niliisuka wiki ya mwisho. Macho yangu si ya zamani, na nimeona mnavyonipisha njia na kuniitikia kila ninachosema, hasa tangu siku ya keki. Msifanye hivyo. Fungueni kifuniko, wekeni taa, tambaeni chini. Mstari wangu nimeuchora mnene.